Jibu: "chover" na "pluere" ni ukoo mmoja

Ndugu, umeuliza vipi "chover", kunyesha kwa Kireno na Kigalisia (lugha ya Galisia, kaskazini-magharibi mwa Uhispania), itokane na "pluere" ya Kilatini ilhali hazifanani. Inatokana kweli. Kaskazini-magharibi mwa Rasi ya Iberia, yaani rasi ya Uhispania na Ureno, "pl" ya mwanzo wa neno iligeuka "ch": "plorare", kulia, ikawa "chorar" vilevile.

Mimi napenda zaidi kitenzi cha sakitu. "Gelare" ya Kilatini, kuganda kwa baridi, ilidondosha "l" iliyokuwa katikati ya irabu, Wareno wakabaki na "gear" na Wagalisia "xear". Kudondoka huko ndiko kunakozitambulisha lugha hizi mbili. Kihispania kimeitunza "l" yake katika "helar".

Halafu "chove", yaani "inanyesha", peke yake ni sentensi kamili, haina mtenda. Kwetu mvua yenyewe ndiyo inayonyesha.