Gari la zamani kwa mke wangu: Sierra, RAV4 au Peugeot 504?

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Tunaishi Malindi, mtaa wa Shella. Mke wangu anasomesha Mambrui na amechoka na matatu na bodaboda. Tumeweka akiba ya shilingi 500,000. Anataka gari la zamani lenye sura yake, si vigari vilivyojaa kila kona, na lituvushe barabara ya vumbi hadi kwao Marafa mwisho wa juma. Tuna watoto wawili wadogo. Tumeona magari matatu: Suzuki Sierra ya 1990 iliyo hapa hapa Malindi, imepakwa rangi mpya inang'aa, Toyota RAV4 ya milango mitano ya 1997 iliyo Nakuru, rangi imepauka na injini inavuja oili, na Peugeot 504 stesheni wagoni ya 1984 iliyo Mombasa. Moyo wake uko kwa Sierra. Nimsaidie vipi kuchagua, na nikague nini kabla ya kutoa pesa?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Huku pwani nunua bodi kwanza, injini baadaye. Injini ya Toyota ya aina ya 3S iliyo kwenye RAV4 hiyo ikifa kesho, Mombasa utapata nyingine ya mtumba, kwa kuwa ndiyo iliyofungwa pia kwenye Carina, Caldina, Ipsum na Noah nyingi za miaka hiyo; kazi yenyewe huenda ikawa kuhamisha sampu (bakuli la oili la chini) na mabano tu. Chesisi, yaani fremu inayobeba gari, ikiliwa na kutu haina duka. Kwa hiyo katika hayo matatu, linalonitia wasiwasi zaidi ni lile linalong'aa.

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka 8, kwa hiyo gari lolote la miaka ya tisini unalouziwa leo limeishi hapa kwetu muda mrefu. Kabla hujauliza limetembea kilomita ngapi, uliza limekuwa likilala wapi. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, na chuma chenye chumvi hubaki na majimaji hata usiku usio na mvua. Gari lililoegeshwa miaka kumi karibu na ufuo, lililofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, au lililobeba samaki na barafu, huoza kutoka ndani ya maboksi ya chuma, yaani sehemu za bodi na chesisi zenye uwazi ndani, mahali ambapo brashi ya rangi haifiki. Ukifunua zulia la nyuma ukaona bati lina magamba ya kutu na harufu ya samaki haijatoka, usiendelee.

Sierra ikague hivi. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa chembamba isikwaruze rangi, kisha ipitishe chini ya milango, juu ya matao ya magurudumu na kwenye kona za fremu ya kioo cha mbele. Pale isiposhika, chini ya rangi kuna puti, si bati. Halafu lala chini na tochi na bisibisi nzito. Gonga chesisi kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Palipo na shaka, sukuma kwa ncha. Mahali pa kwenda moja kwa moja ni pale springi za majani zinaposhikia chesisi, hasa nyuma ya magurudumu ya nyuma. Vishikio vinavyobeba bodi juu ya chesisi. Na sakafu chini ya miguu ya dereva. Ukikuta chesisi nzima imepakwa lami nyeusi mbichi wiki hii, mwambie muuzaji akuruhusu kukwangua sehemu tatu ndogo. Akikataa, amekujibu.

Tazama pia mabomba ya chuma ya breki yanayopita kandokando ya chesisi. Kutu ya juujuu si kitu, lakini bomba lililovimba magamba linaweza kupasuka siku shemeji atakapokanyaga breki kwa nguvu, na hiyo ndiyo siku atakayozihitaji.

Kwenye ekseli ya mbele, Sierra ina vitufe vikubwa vya duara nyuma ya magurudumu. Vikiwa vimelowa grisi iliyochanganyika na oili, sili zimekwisha, na vumbi la Marafa litakuwa limeshaingia kwenye beringi za kingpini, zile pini ambazo gurudumu hugeukia unapokata usukani. Dalili yake barabarani ni usukani kutikisika ghafla kwa nguvu ukigonga shimo, mara nyingi kwenye mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa. Mafundi wengi hukimbilia kubadilisha shokomzoba ya usukani, inaficha tu. Dawa ni beringi mpya na kuzikaza upya kwa kupanga shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha mkazo).

Hata Sierra hiyo ikitoka safi, bado nina neno. Ni gari jepesi, la milango miwili, lenye springi za majani mbele na nyuma, fupi na lililosimama juu. Kwenye mchanga na mawe ni shujaa. Kwenye lami ya Mambrui, upepo ukipiga ubavuni, linataka mikono miwili, na kona ya ghafla kwa kasi halipendi kabisa. Kumfunga mtoto kwenye kiti cha nyuma kila asubuhi kupitia mlango wa mbele ni kazi ya mgongo. Haya si ya wewe kumwamulia. Mwache shemeji aliendeshe saa nzima, watoto wakiwa nyuma na dirisha wazi, aende Mambrui na kurudi. Kama atashuka bado anatabasamu, na chesisi ikawa nzima, amepata gari lake. Ndoa ya Sierra na mtu anayeipenda hudumu, maana atavumilia kelele zake.

RAV4 ndiyo ningeifuata kwanza, na ndiyo yenye mengi ya kukaguliwa kwenye injini. Rangi kupauka Nakuru ni jua tu. Kuvuja oili kwenye injini yake ya 3S-FE mara nyingi hutoka sehemu tatu: gasketi ya kifuniko cha juu, pete ya mpira ya distribyuta, na sili ya nyuma ya krenki. Mbili za mwanzo ni kazi ya asubuhi moja na spea ya bei ndogo. Ya tatu inataka giaboksi kushushwa, kwa hiyo ifute injini, iendeshe dakika ishirini, kisha uangalie oili inaanzia wapi. Oili huteremka, basi chanzo ni pale palipo juu kabisa penye unyevu, si pale inapodondokea.

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika gusa boneti. Injini iliyopashwa moto mapema huficha mengi. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta: maji ya rangi ya chai ya rangi yanakwambia limetiliwa maji matupu miaka mingi, na ndani kuna kutu. Chini ya kifuniko cha oili, ute mzito wa rangi ya maziwa unaweza kumaanisha gasketi ya hedi imekufa. Washa, kisha shika hosi ya juu ya rejeta. Inapasa ibaki baridi dakika kadhaa, halafu ipate moto kwa ghafla pale thamostati (vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate moto) inapofunguka, karibu nyuzi 82. Ikipata joto polepole tangu mwanzo, thamostati imeng'olewa. Hilo ni kosa la mafundi wengi wa huku, wakidhani joto la pwani halihitaji thamostati. Injini isiyo nayo hufanya kazi ikiwa baridi, hula petroli zaidi na kujichakaza, na mara nyingi thamostati ilitolewa kwa sababu gari lilikuwa likichemka na hakuna aliyetafuta chanzo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli kuzidi, mweupe usiokwisha baada ya injini kupata moto ni maji.

Lipa fundi apime kompresheni. Injini iwe na moto, plagi zote nne zitolewe, petroli na umeme wa plagi vikatwe, na pedali ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho. Injini nzima ya aina hii hutoa baa 10 hadi 13, lakini la muhimu zaidi ni silinda kutopishana kwa zaidi ya baa 1. Moja ikiwa chini, tia kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena: ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, tatizo liko kwenye vavu au gasketi.

RAV4 ya magurudumu manne husukuma yote manne muda wote. Tafuta uwanja mpana wa lami, kata usukani hadi mwisho na uzunguke polepole. Gari likijivuta na kurukaruka kama limeshikwa breki, kifaa cha kugawa nguvu katikati kimeganda, na hicho si cha bei ndogo. Kikisikika kitu kinachogonga ta-ta-ta gurudumu la mbele, ni jointi ya ekseli. Kwa sababu hiyo hiyo tairi zote nne lazima ziwe saizi moja na uchakavu mmoja. Mbili mpya na mbili kipara huua mfumo huo taratibu. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikipita miaka sita chini ya jua letu, ihesabu kama ya kubadilishwa hata kama bado ina meno. Sierra ni kinyume: magurudumu ya mbele huunganishwa kwa hiari, na ukiyaunganisha uwe kwenye mchanga au vumbi, si lami, au utavunja gia.

Peugeot 504 naipenda. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na stesheni ina springi nne za koili nyuma, ndiyo maana zilibeba abiria wa safari ndefu miaka mingi. Lakini mwalimu anapaswa kuwa darasani asubuhi, na kwa 504 kuna spea utakazozisaka wiki nzima. Iwe gari la pili, siku pesa itakaporuhusu.

Kwenye karatasi, usilegee. Tafuta taarifa za gari kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, jina la mwenye gari lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia, na namba ya chesisi iliyochongwa kwenye chuma ifanane na ile ya logibuku. Jina la benki au mkopeshaji likiwemo, deni halijafutwa. Pesa ya mwisho itoke pale muuzaji anapoanzisha uhamisho kwenye mtandao. Uliza bima mapema, kwani kampuni nyingi hazitoi bima kubwa kwa magari ya umri huo.

Usitumie 500,000 zote kununua. Ishia 400,000. Iliyobaki ni ya mwezi wa kwanza: mkanda wa taimingi wa RAV4 (kawaida yake ni kila kilomita 100,000, kama hakuna rekodi, uweke mpya pamoja na tensha na pampu ya maji), oili zote hadi za difu, maji ya breki, thamostati na tairi.

Likishafika Malindi, lioshe chini kila wiki kwa maji ya mfereji, si ya kisima chenye chumvi. Zibua kwa waya vitundu vya kutolea maji chini ya milango, liache likauke kabisa, kisha pulizia nta ya kuzuia kutu ndani ya maboksi ya chuma. Usipake lami ngumu: hupasuka, chumvi huingia nyuma yake, na hutaiona kutu mpaka bati litoboke. Na kabla ya kukata tiketi ya Nakuru, mwombe muuzaji akutumie video ya chini ya gari, polepole, kuanzia bampa hadi bampa, hasa nyuma, pale mikono ya chuma ya magurudumu inaposhikana na bodi.