Doa la kifandugu kwa bibi asiyeinuka kitandani

Dada, hilo doa ulilouliza, la kwenye kifandugu (mfupa wa mwisho wa mgongo) cha bibi mnayemtunza hapo makaoni, usilisugue wala kulipaka spiriti. Kusugua kunaumiza nyama ya ndani ambayo tayari imekosa damu kwa kulaliwa. Ngozi nyeusi huficha wekundu, kwa hiyo papasa: pakiwa na joto, pagumu au panauma kuliko pembeni, kidonda cha kulala muda mrefu kimeshaanza. Mgeuzeni kila baada ya saa 2, usiku pia. Alale kiubavu nusu, mto mgongoni, asilalie nyonga moja kwa moja. Mto mwingine chini ya mashavu ya miguu, visigino visiguse godoro. Pete ya mpira ya kukalia iacheni, inabana damu. Na joto hili la Tanga, shuka likilowa badilisheni papo hapo. Ngozi ikifunguka, mpelekeni hospitali ya Bombo.