Anti Tujibu: Unaenda Arusha kwa nani?

SWALI: Anti shikamoo. Mi ni mwalimu, nakaa Moshi, nina miaka 27. Jumamosi ijayo nataka nije Arusha asubuhi nirudi jioni, nizunguke mwenyewe tu niangalie michoro na vinyago halafu nile vizuri. Nimetenga elfu 60 na nauli humo humo. Shida ni kwamba kila ninayemwambia ananiuliza unaenda kwa nani, na mimi siendi kwa mtu! Halafu kukaa mezani peke yangu naona aibu kweli, nahisi watu watadhani kuna mwanaume kanipiga chenga. Nianzie wapi?
*Ticha wa Moshi*

JIBU: Marahaba ticha. Wakikuuliza unaenda kwa nani waambie unaenda kwa Tingatinga, yule mchoraji, maswali yataisha au yataongezeka, vyote sawa.

Panda kosta ya mapema, ni kilomita kama 80 tu ila njiani wanasimama simama kushusha na kupakia kwahiyo usijipigie hesabu ya saa moja. Utapita Tengeru na kwa vile ni Jumamosi utakuta gulio limechangamka, maana pale siku zao ni Jumatano na Jumamosi. USISHUKE. Nakujua, utaona maparachichi utanunua ndoo nzima halafu uzunguke nayo mjini kutwa. Tengeru ni ya kurudia jioni. Na kama ni miezi hii ya Juni hadi Agosti beba sweta, baridi ya Arusha asubuhi haina utani.

Ukifika kitu cha kwanza ni mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Usianze na makumbusho na njaa. Tafuta mama ntilie mwenye sufuria linalofuka na foleni ya makonda na mafundi, hao hawana muda wa kula chakula kibaya. Na hapo ndo dawa ya aibu yako ilipo, kwenye benchi la mama ntilie hakuna anayekula na mtu, kila mmoja yuko na bakuli lake na haraka zake. Kwa Wachaga mtori ni chakula cha mzazi, kwahiyo usishangae mama akikutania umejifungua lini.

Kutoka hapo nenda mnara wa saa, pandisha na barabara ya Boma mpaka mwisho, utakuta boma la Wajerumani la mwaka 1900 ambalo sasa ni Makumbusho ya Historia ya Asili. Beba kitambulisho cha NIDA, mtanzania halipi sawa na mgeni. Muda ukitosha kuna Makumbusho ya Azimio la Arusha kule Kaloleni karibu na mnara wa Mwenge, jengo lenyewe ndimo TANU walimokaa Januari 1967 kabla Azimio halijatangazwa tarehe 5 Februari. Ni padogo, nusu saa umemaliza. Ila wewe umesema michoro, kwahiyo ukibanwa na muda yaruke yote mawili na sitakulaumu.

Siku yako iweke Cultural Heritage, lile jumba la sanaa barabara ya kutokea Dodoma, panda daladala za upande wa Kisongo mwambie konda akushushe Cultural. Sasa hapa niseme jambo linaloniudhi. Sisi watu wa huku tunapita nje ya lile jengo miaka na miaka tunaliona ni la wazungu, hatuingii, tunaogopa hata kuuliza bei. Ingia! Kuangalia sio kununua. Ndani hupandi ngazi, unapanda kwa njia ya mzunguko huku kuta zote ni picha na vinyago, na kwa vile uko peke yako unaweza kusimama mbele ya kinyago kimoja dakika 20 bila mtu kukuvuta mkono twende bwana. Tafuta vinyago vya Kimakonde vile vya ujamaa, watu wamebebana wamepandiana mpaka juu na wote wametoka kwenye gogo moja, kizunguke taratibu uhesabu watu, mi kila nikihesabu napata idadi nyingine. Halafu michoro ya Tingatinga, we mwalimu utapenda kuwasimulia wanafunzi kwamba Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 kule Dar, kwenye hadibodi na kwa rangi za kupakia baiskeli, akafariki 1972. Miaka minne tu, na leo jina lake ndo jina la mtindo mzima.

Mchana kula loshoro ukiipata, ni mahindi yaliyokobolewa na maziwa mgando, wengine wanatia na ndizi. Ukitaka nyama choma waombe robo kilo, usikubali kuongezwa eti mzani umezidi kidogo dada. Kuku wa Khan's kule Mosque Street sikushauri safari hii, pale mchana ni spea za magari, kuku wanaanza jioni na wewe jioni nataka uwe njiani kabla giza halijaingia.

Mjini vijana wa picha na bangili, wale tunaowaita flaikacha, watakufuata. Wajibu Kiswahili toka neno la kwanza, "mambo kaka, sinunui leo", uendelee kutembea. Ukisimama kujieleza umekwisha.

SWALI: Anti nitajuaje kama kinyago ni mpingo kweli? Nimeshaibiwa mara mbili.
*Baba Neema, Sakina*

JIBU: Pole, tuko wengi. Mimi nilinunua tembo mweusi tii, kufika nyumbani nimfute vumbi kitambaa kikatoka na rangi ya viatu, tembo akabaki wa kahawia. Sasa hivi natembea na kitambaa chenye maji, nasugua chini kwenye kitako palipojificha. Mpingo ni mzito kupita ulivyotegemea na ukiutia kwenye maji unazama, na mara nyingi pembeni una ganda jeupe ambalo wachongaji wengine wanaliacha makusudi lionekane. Muuzaji akikataa usisugue, mshukuru uondoke.

SWALI: Mwanamke kuzunguka mji peke yake si ndo kukosa marafiki huko?
*Mdau, Njiro*

JIBU: Mdau, marafiki wa ticha wote walisema wanakuja. Ilikuwa Desemba mwaka juzi.