Re: Mama Mwislamu, baba Mkristo, mtoto ni dini gani?

Salaam dada. Yaani wewe Mwislamu, mwenzio Mkristo, hamkufunga ndoa, na mawifi wanasema mtoto ni wa dini ya baba. Kwanza angalia kama kashabalehe, akibalehe anajijibia mwenyewe. Kama bado, kwa madhehebu ya Shafii tunayofuata huku pwani mtoto anamfuata mzazi aliye Mwislamu, awe mama au baba, watu wa madhehebu ya Maliki ndo wanaoangalia baba. Mtoto wa dada yangu ilikuwa hivi hivi, ustadhi akauliza tu mama yake ni nani, akamwandika kwenye daftari la madrasa akampa na juzuu. Ila nasaba, yaani ukoo, usichanganye na dini, kazaliwa nje ya ndoa kwa hiyo nasaba na mirathi ni upande wako. Mpeleke madrasa mapema, usisubiri mawifi wakubali.