Sanduku la maswali: tronsonezi kuukuu sawa, kamba kuukuu hapana

Barua za safari hii zimetoka Goma na Bukavu, moja Lubumbashi, na zote zinauliza kuhusu vifaa vya kupogoa na kuangusha miti mjini, hasa tronsonezi, yaani msumeno wa mnyororo wa injini. Neno moja kabla ya majibu: tukisema esansi tunamaanisha ile ya pikipiki na gari. Ile ambayo wengi wetu huku huita petroli, sisi tutaiita mafuta ya taa. Mashini nyingi zimekufa kwa sababu mtu alitumwa dukani kuleta esansi akaleta mafuta ya taa.

*Mimi na mdogo wangu tunapogoa mikaratusi Himbi na Katindo. Kuna tronsonezi kuukuu inauzwa Birere, mwenyewe anasema inawaka kwa mvuto mmoja. Tukague nini kabla ya kutoa pesa?* (Vijana wawili, Goma)

Kuwaka si kipimo, ndugu zetu. Mashini iliyochoka mara nyingi huwaka ikiwa baridi, ikagoma ikishapata moto. Fikeni mapema, mguse silinda. Ikiwa ina joto, ngojeni ipoe.

Swichi ikiwa imezimwa, shikeni mpini wa kamba ya kuwashia, mwiache mashini ining'inie kwa uzito wake. Inatakiwa ishuke polepole, kwa kushtukashtuka, kila pistoni inapobana hewa. Ikiporomoka moja kwa moja, ringi zimekwisha au silinda imekwaruzika. Fundi mwenye geji ya kupima mbano huo wa hewa atawapa namba: chini ya bari 8 msinunue, 10 kwenda juu ni nzuri.

Kisha ombeni kufungua eksozi. Ni skrubu mbili au tatu tu, na muuzaji anayekataa hilo ameshajibu swali lenu. Vuteni kamba taratibu mpaka pistoni ionekane kwenye tundu, mmulike kwa simu. Pistoni nzima ina uso laini unaong'aa, na mistari myembamba ya kiwandani iliyolala. Mkiona mikwaruzo iliyosimama, kutoka juu kwenda chini, hiyo mashini iliwahi kunyweshwa esansi isiyo na oili, au ilikuwa inavuta hewa pasipotakiwa. Rudisheni eksozi, mmuage muuzaji kwa heshima.

Ikipita hapo, iwasheni, ikate gogo dakika kumi, izimwe, iwashwe tena papo hapo. Ikinguruma polepole, mnyororo usisogee hata kidogo. Ukitembea, ama silensi (mwendo wa mashini ikiwa haikati) iko juu mno ama springi za klachi zimelegea. Kwenye mwendo wa juu, mashini ikiwa imeshikwa imara chini, sukumeni kinga ya mbele, ambayo ndiyo breki, kwa kifundo cha mkono: mnyororo lazima ukwame palepale. Breki isiyokamata hairekebishiki kwa maneno. Mwisho, elekezeni ncha ya bamba (chuma kirefu ambacho mnyororo hukizunguka) kwenye kipande cha karatoni, iwe mbali kidogo, mkanyage mafuta: mstari mwembamba wa oili ukijichora, pampu ni nzima.

Na ulizeni vipuri vyake kabla ya kuuliza bei yake. Mashini nzuri ambayo pistoni na kabureta yake havipatikani Goma wala Bukavu ni mzigo.

*Nanoa mnyororo asubuhi, saa nne umeshakuwa butu. Tena unakata kwa kupinda upande wa kulia. Je, ni mnyororo feki?* (Mkata kuni, Majengo, Goma)

Unaweza kuwa feki, lakini kwanza tazama ardhi ya Goma. Mchanga wa lava ni mkali kama msasa, na mvua huurushia kwenye gome, hasa mita ya kwanza kutoka chini. Jino linalopita kwenye gome hilo linakuwa butu kabla halijafika kwenye mti wenyewe. Ukiugusa mwamba hata mara moja, meno ya upande mzima yamekwenda. Sugua gome kwa brashi ya chuma, au libandue kwa panga mahali utakapokata. Gogo lililolala liinue juu ya magogo mawili. Kata kisiki sentimita 10 juu ya ardhi, hata mwenye kiwanja akilalamika. Ukienda kununua, chagua mnyororo ambao kona ya jino ni ya mviringo, si ile ya mraba mkali. Ya mraba hukata haraka kwenye mti safi, lakini kwenye vumbi inakufa mapema zaidi.

Kupinda kunatokana na kunoa. Meno ya upande mmoja yamekuwa marefu au makali kuliko ya upande mwingine, basi mnyororo unavutwa upande huo. Tafuta jino fupi kuliko yote, uyapunguze mengine yalingane nalo. Upana wa tupa ya duara hutegemea mnyororo: milimita 4.0 kwa ule mwembamba wa mashini ndogo, 4.8 kwa ule unaoandikwa .325, na 5.2 au 5.5 kwa ule wa 3/8 wa mashini kubwa. Tupa isiyo yake huharibu umbo la jino. Bana bamba ndani ya ufa wa kisiki, shika pembe ya digrii 30, sukuma kwenda mbele tu, usirudishe tupa ikiwa inagusa. Mara tatu kwa kila jino inatosha ukinoa mapema. Vinavyotoka kwenye mti ndivyo vitakavyokuambia: vikiwa vipande, jino linakata, ukiwa unga, linasaga.

Kila baada ya kunoa mara tatu au nne, kishughulikie kile kinundu kilicho mbele ya jino. Kinatakiwa kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65, na hupunguzwa kwa tupa bapa. Wengi hukishusha zaidi ili mashini "ile" haraka. Inakula kweli, na siku moja inaruka kumrudia aliyeishika.

Tazama bamba pia. Ligeuze juu chini kila unapobadilisha mnyororo, fukua mfereji wake, na safisha tundu linaloleta oili. Kingo zikiwa hazilingani kimo, mnyororo mpya nao utapinda. Jino likibaki milimita 4, usilinoe tena, tupa mnyororo. Gurudumu la meno linalouzungusha likilika nusu milimita, libadilishe kabla halijaula mnyororo mpya.

*Oili ya mnyororo ni ghali. Kuna wanaotumia mawese, wengine oili chafu ya gari. Ipi afadhali?* (Kadutu, Bukavu)

Hakuna. Mawese huganda joto likishuka. Asubuhi za Bukavu utayakuta tangini yamekuwa mazito kama uji, pampu inazunguka na hakuna kinachotoka, mnyororo unaota moshi. Oili chafu imejaa unga wa chuma kutoka injini ya gari. Unga huo unakula pampu na mfereji wa bamba, na ile oili hukurukia usoni na kifuani kutwa nzima. Ina vitu vinavyoweza kuleta saratani ya ngozi. Ukikosa ya mnyororo, nunua oili mpya ya injini, SAE 30, ukijua kwamba haishikamani na mnyororo vizuri na utatumia nyingi zaidi. Kipimo: tangi moja la esansi liishe karibu sawa na tangi moja la oili. Esansi ikiisha na oili bado imejaa, kuna pahali pameziba.

*Mashini yangu ilifanya kazi Bukavu mwaka mzima bila shida. Nilipata kazi ya siku tatu Uvira, siku ya pili ikakwama, kamba haivutiki. Oili niliweka kama kawaida.* (Fundi, Bagira)

Pole, ndugu. Maji ya Ziwa Kivu yako mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na ya Tanganyika, kule Uvira, karibu 770. Bukavu, milimani juu ya ziwa, hewa ni nyepesi, kwa hiyo fundi wako alifunga kidogo skrubu ya H ya kabureta ili esansi ipungue. Ulipoteremka Uvira hewa ikawa nzito, esansi ikabaki ileile ndogo. Na kwa kuwa oili ya injini huingia ikiwa imechanganywa na esansi, esansi ikiwa chache, oili nayo ni chache. Ongeza joto la bondeni. Pistoni ilitanuka, ikakwaruza, ikashika.

Siku nyingine, kabla ya kukata mti wa kwanza kule chini, fungua H kinyume cha saa, moja ya nane ya mzunguko, kisha sikiliza. Kwenye mwendo wa juu bila mzigo, sauti iwe ya kukoromakoroma. Ikiingia kwenye mti, isafike. Ikilia kama filimbi, esansi ni chache, zima mara moja. Ukipanda kurudi, funga ulichofungua. Kuna mashini mpya zinazojirekebisha zenyewe. Hizo hazina skrubu hiyo.

Ya kwako ifunguliwe. Ikiwa ni aluminiamu ya pistoni tu iliyogandia silinda, fundi mzuri ataisafisha aweke pistoni na ringi mpya. Ikiwa ganda gumu la ndani ya silinda limechubuka, nunua vyote viwili. Lakini usifunge kipuri kipya kabla ya kukagua mpira unaounganisha kabureta na silinda, maana ufa mdogo hapo huleta kifo kilekile. Na upime mchanganyiko, usikadirie kwa kifuniko: oili ya tu-taimu (ile ya kuchanganya na esansi) inayoaminika, mililita 100 kwa bidoni ya lita 5, ukiitilia shaka, 200. Esansi ya kadafi, muuzaji wa barabarani, iweke kwanza kwenye chupa inayoonyesha, iache robo saa. Maji hukaa chini.

*Nina dola 400 za kuanzia kazi ya kukwea miti na kuipogoa. Rafiki ananiuzia hanesi (mikanda ya kujifungia mwilini) na kamba alizotumia miaka kadhaa, ili pesa nyingi ziende kwenye tronsonezi. Nikubali?* (Goma)

Hapana, kijana wetu, na hapa hatulegezi. Mashini kuukuu unaweza kuifungua uone ndani. Kamba huwezi. Asidi ya betri iliyoigusa, jua la miaka mingi, mchanga wa lava uliopenya ganda ukasaga nyuzi za ndani, vyote hivyo havionekani kwa nje. Rafiki yako hana nia mbaya; naye hajui kilichomo.

Wala usikimbilie kamba ya plastiki ya bluu inayofunga mizigo sokoni. Hiyo ni polipropileni, huyeyuka kwenye digrii 165 hivi, na fundo linaloteleza juu yake kwa uzito wa mtu linaleta joto la kutosha kuiharibu. Unayotaka ina ganda na kiini, unene wa milimita 11 hadi 13, ina alama ya kiwango cha Ulaya, EN 1891 A, maana yake inahimili angalau kilonewtoni 22, karibu tani 2.2. Fundo hupunguza nguvu hiyo kwa theluthi au zaidi, ndiyo sababu inaanzia juu hivyo. Kamba ya wapanda milima inayovutika kama mpira haifai kazi hii.

Anza na kofia ngumu yenye kamba ya kidevu, hanesi ya kukalia yenye alama EN 813 na EN 358, kamba hiyo, na kamba fupi ya kuzungusha mti yenye waya wa chuma ndani. Waya huo husaidia msumeno wa mkono ukiteleza. Tronsonezi huukata, kwa hiyo ukiwa unakata juu, uwe umejifunga sehemu mbili. Muskitoni (pete za chuma za kuunganishia kamba) ziwe za kujifunga zenyewe, na zimepigwa chapa ya kilonewtoni kwenye chuma chenyewe, si stika. Kitakachobaki nunua msumeno mzuri wa mkono. Matawi mengi ya mjini hayahitaji zaidi.

Kila jioni pitisha kamba yote kati ya vidole, polepole. Pakiwa bapa, pagumu, au palegevu kuliko kwingine, kata hapo. Ioshe kwa maji baridi na sabuni laini, anika kivulini.

*Mparachichi umeinamia mabati yangu. Nitajuaje kama vijana waliokuja wana vifaa vya kweli?* (Mama wa Nguba, Bukavu)

Mama, waambie wavitandaze chini kabla hawajapanda. Uone kamba mbili: ya kupandia na ya kuteremshia matawi. Wakisema ni moja kwa kazi zote mbili, waache waende, kwa sababu kamba inayoshtuliwa na matawi haibebi mtu tena. Na kama mti unabaki hai, wasipande kwa kucha za chuma za viatuni. Kila tundu ni mlango wa uozo.

*Napogoa miembe na mijakaranda kiangazi. Mvua ikianza mashini inakaa, na ikitoka haiwaki.* (Lubumbashi)

Esansi iliyochanganywa isizidi siku 30. Ukiiacha tangini miezi yote ya mvua, huacha gundi ndani ya kabureta na kuukausha ule utando mwembamba unaopiga pampu ya esansi. Mwaga tangi, washa mashini mpaka ijizime yenyewe, toa buji (plagi), tia kijiko kimoja cha oili ya tu-taimu ndani ya silinda, vuta kamba mara mbili taratibu, rudisha buji. Mnyororo uuloweke kwenye oili. Kwa sasa, nunua seti ya tando za kabureta ya modeli yako, na buji ukiikuta nyeusi yenye unyevu, isafishe, uache mwanya wa milimita 0.5.