Mchezo wa vita: mpunguzie jemadari amri

Msomaji mmoja kaniandikia wiki hii: "Kaka, natengeneza mchezo wa vita wa simu. Wachezaji wanaandika amri kwa siri, kisha zote zinatekelezwa kwa pamoja. Ramani nzuri, vikosi vya kutosha, lakini wanaoujaribu wanachoka mapema. Tatizo nini?"

Nimemuuliza swali moja tu: kwa zamu moja mchezaji anaamuru vikosi vingapi? "Vyote," akajibu. Basi tatizo ndilo hilo.

Mchezo wangu mimi ni mapigano ya Tanga, Novemba 1914. Jenerali Aitken wa Uingereza alishusha askari wapatao 8,000 kutoka India. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa nao kama 1,000, wengi akiwaleta kwa reli ya Usambara. Kila kikosi kikitii papo hapo, Mwingereza anashinda kwa wingi tu. Lakini pale Tanga alishindwa, tena vibaya. Askari wake walipotelea vichakani na kwenye mashamba, na kamanda hakujua nani yuko wapi.

Kwa hiyo kwangu Mwingereza anaandika amri kwa vikosi viwili tu kila zamu. Vingine vinaendelea na amri ya mwisho viliyopewa, hata kama imeshapitwa na wakati. Mjerumani ana vikosi vichache, ila anaviamuru vyote. Kwenye shindano fulani jaji mmoja aliniambia mbele za watu kwamba mchezo ambao askari hawamsikii mchezaji hauwezi kuuzika. Sijalisahau neno lile, na sidhani kama nitalisahau.

Jumamosi iliyopita vijana waliucheza nyumbani, ramani ya manila na vizibo vya soda. Binamu yangu ndiye Aitken. Amri zake zote mbili akazimalizia upande wa reli. Kizibo chake cha karibu na ufukwe kilikuwa bado na "songa mbele" ya zamani, kikaingia moja kwa moja kwenye rashasha. "Huyu nani kamtuma?" akapiga kelele. Mwenzake akamsogezea kikaratasi: mwandiko wake mwenyewe. Hawakuondoka mezani mpaka usiku wa manane. Yule jaji angekuwepo!

Sasa sikilizeni, nyie mnaotaka kutengeneza michezo. Msitumie dadu kuamua kama kikosi kitatii. Mchezaji akiangushwa na dadu atailaumu dadu na kuinuka. Akiangushwa na amri aliyosahau kuibadilisha, ataomba mchezo mwingine. Punguzeni idadi ya amri, utiifu uacheni kama ulivyo. Narudia kwa sababu najua hamtanisikia: punguzeni amri.

Jambo la pili ni kugongana. Amri zikifunuliwa pamoja, lazima vikosi viwili vitake sehemu moja. Mchezo wa Diplomacy wa Allan Calhamer, uliotoka 1959, ulilimaliza hili kwa sentensi moja: nguvu zikilingana, hakuna anayeingia. Chukueni hiyo. Kanuni ya mgongano ikijaza ukurasa, watu watabishana kuhusu kanuni badala ya vita.

Nyuki mnaoniulizia kila siku wapo, kadi moja, na wanauma pande zote mbili kama walivyofanya Tanga. Ila mimi naipenda zaidi kadi ya tarumbeta. Jioni ya tarehe 4 Wajerumani waliielewa vibaya sauti ya tarumbeta wakaondoka mjini, Tanga ikabaki tupu, na Aitken asijue. Kwenye mchezo, anayeshika kadi hiyo anamrudisha nyuma adui bila yeye mwenyewe kuonyeshwa kwamba amefanikiwa.

Wewe uliyeniandikia, usiguse programu kwanza. Kata vipande vya karatasi, mpe kila mchezaji amri tatu kwa vikosi kumi, kisha kaa pembeni uangalie kikosi kipi kinasahauliwa.