Mistari kukatwa unapochapa kwa safu mbili

Ndugu, umeuliza kwa nini `pr -2` (amri ya Unix na Linux ya kupanga maandishi kwa kurasa, hapa kwa safu mbili) inakata mistari mirefu ya faili lako. Printa yako haina kosa. `pr` huhesabu upana wa ukurasa kuwa herufi 72. Ukigawa safu mbili, kila moja hubaki na kama 35, na kinachozidi hutupwa kimyakimya. Tabia mbaya, lakini ndivyo ilivyo.

Vunja mistari kwanza kwa amri ya `fold`:

`fold -s -w 35 ripoti.txt | pr -2 -h "Ripoti" | less`

Hiyo `-s` huvunja kwenye nafasi, neno lisipasuke. Usiache `-h`, maana maandishi yakipitia bomba (ile alama `|`), `pr` hailijui jina la faili na kichwa hutoka bila jina. `less` hukuonyesha matokeo kwenye skrini; ukiridhika, ibadilishe iwe `lp`, inayotuma kwa printa.

Jambo jingine: ukurasa wa `pr` ni mistari 66, 10 kati yake ni ya kichwa na mguu. Printa nyingi huacha pambizo zake zenyewe, kwa hiyo mistari ya mwisho ikirukia karatasi ya pili, punguza kwa kuongeza `-l 60` kwenye `pr`. Ukitaka nafasi ya kutoboa upande wa kushoto, ongeza `-o 5` hapohapo.